Kupanga chumba Ibanda, Bukavu: niangalie nini kabla ya kulipa?

Wakubwa, jambo. Tuko wanafunzi wawili, tumepata chumba kwenye avenyu ndogo, mteremkoni. Bayeri, yaani mwenye nyumba, anadai garanti (pesa ya dhamana) ya miezi 6. Ni kawaida?

— Kawaida ndiyo, sheria hapana. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Miezi 6 ni ya biashara. Andikeni mkataba, daini risiti. Pesa ya komisioneri, dalali wa nyumba, muihesabu kando, hiyo hairudi.

— Yaya, mteremko unanitisha kuliko garanti. Nenda kukiwa na mvua, si Julai, wakati kila ukuta unaonekana mzima. Zunguka nyuma: ukuta unaozuia udongo uwe na matundu ya kutoa maji. Bila hayo udongo unalowa, unakuwa mzito, unausukuma. Ufa mwembamba wa lipu si neno. Unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, na kidole kinaingia? Ondoka. Maji ya bati nayo yaishie mtaroni, si kwenye msingi.

— Na kashpawa, umeme wa kulipia kabla? Mita moja kwa nyumba tatu ni ugomvi: mwenye pasi anamaliza yuniti za wote.