Naomba ushauri: kijani cha mikarafuu kinanishinda kwa rangi za mafuta

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Nimezoea rangi za maji, huu ni mwezi wa pili tangu nianze kujifunza za mafuta. Nachora shamba la marehemu babu: kibanda cha udongo cha makuti, jamvi la karafuu mbele, nyuma vilima vya mikarafuu.

Jamvi limenitoka vizuri, karafuu mbichi zenye wekundu pembeni, zilizokauka za kahawia katikati. Tatizo miti. Nachanganya buluu na manjano, lakini nikipitisha brashi juu ya rangi mbichi kijani kinageuka tope, na kilima cha mbali kinaonekana kimebandikwa kwenye paa. Nimekitia buluu na nyeupe kidogo, kikasogea nyuma, ila kikakosa uhai.

Halafu kukauka! Siku ya tisa bado panata, na unyevu wa masika huu. Tabaka la kwanza nilitia tapentaini pamoja na mafuta ya kitani. Nahisi hapo nilikosea, maana mafuta huzidishwa matabaka ya juu.

Mliowahi kuchora mashamba yetu, mnaanzia mbali au karibu? Na nisubiri, au nikwangue nianze upya? Kibanda chenyewe kimeshaanguka upande mmoja, nataka mama akione kingali kimesimama.