Shule za visiwani: tuanze na mtambo wa kuondoa chumvi au matangi ya mvua?

Baharia: Wakuu, pesa zikipatikana, shule ya kisiwani ianze na nini? Mimi nasema mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mvua ikigoma utavuna nini? Tuvalu, nchi ya visiwa kule Pasifiki, mwaka 2011 walitangaza hali ya hatari kwa ukame.

Gata: Na Malé, mji mkuu wa Maldivi, je? Desemba 2014 moto ulishika kwenye mtambo wao wa kuondoa chumvi, mji mzima ukapanga foleni ya maji ya chupa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na milimita 10, una lita 2,000 kasoro kidogo. Hesabu ya watoto hiyo.

Baharia: Na mavi ya popo yaliyo juu ya paa umeyapigia hesabu?

Gata: Maji ya mwanzo yanamwagwa, nani asiyejua? Shida ni walimu wavivu, majani yanajaa kwenye gata mpaka miche inaota.

Ticha Mstaafu: Mvivu nani? Nimefundisha kisiwani miaka 22. Nilikuwa napanda ngazi mwenyewe, fagio mkononi, wewe ukiwa bado hujui kufunga kamba za viatu.

Binti wa Mwambao: Shikamoo mwalimu. Ngazi ulipanda, sawa. Ufunguo wa choo alikuwa nao nani? Shuleni kwetu choo kilichokuwa na maji ni cha walimu tu, kina kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye kandambili kuukuu usipotee. Unatoka ofisini umeshika ndala moja, shule nzima inajua unakwenda wapi. Siku za hedhi nilikuwa nabaki nyumbani.

Ticha Mstaafu: Marahaba. Tukikiacha wazi, kinaziba kwa siku mbili. Wanatumia mawe na magunzi, maji hakuna.

Binti wa Mwambao: Si ndiyo hivyo, maji mmeyafungia nyinyi!

Mchokozi: Dada, ndala ya mguu wa kushoto au wa kulia?

Mchimba Kisima: Jamani, mnapigania ndala. Kwenye visiwa vya matumbawe maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi, na mara nyingi ni tabaka jembamba. Ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda. Ukichimba choo cha shimo, uchafu unateremkia humo humo mnamochota. Jengeni choo cha juu kinachokausha kinyesi, kisha ndiyo mgombanie matangi.

Mchokozi: Choo cha ngazi? Ticha atapanda, ana uzoefu.

Gata: 😂😂

Baharia: Sasa mtambo wangu umeishia wapi?

Binti wa Mwambao: Mtambo wako utafungiwa kufuli pia, kaka. Mimi nataka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni, na mlango wenye komeo kwa ndani. Kwa ndani!

Ticha Mstaafu: Binti, usitusingizie walimu wote. Kwetu ufunguo ulifungwa kwenye kibao. Kandambili ni dharau.

Binti wa Mwambao: Kwa hiyo na kwenu kulikuwa na ufunguo.

Mchokozi: Kibao cha ukubwa gani, mwalimu?