Sungura wawili walioshibana baada ya paka kufa: tuanzie wapi?

Kutoka: Reading

Wanajumuiya, salaam. Paka wetu, kipenzi cha watoto, amekufa, na kituo cha kuokoa wanyama cha jirani kina sungura wawili, dume na jike, wote wamehasiwa, kila mmoja ana kilo mbili hivi. Wanasema wameshibana na hawatolewi mmoja mmoja. Tunapanga fleti ghorofa ya kwanza, bustani hakuna, roshani ipo. Vitu vya paka bado tunavyo: trei, mchanga wa choo, boksi la kubebea, dawa ya viroboto. Wanaofuga hapa Uingereza, tuelezeni: nafasi kiasi gani, wanakula nini, mwenye nyumba aambiwe vipi, na kipi kati ya vitu vya paka kinafaa?

Kutoka: Leicester

Pole sana dada, na watoto pia. Naanza na vitu vya paka, kwa sababu hapo ndipo sungura anapoweza kufa wiki ya kwanza bila mtu kujua sababu.

Dawa ya viroboto iondoe nyumbani kabisa. Matone mengi ya shingoni ya paka na mbwa yana fipronil, sumu ya kuua wadudu, na fipronil humletea sungura degedege na inaweza kumuua. Wakipata viroboto, daktari ana dawa inayowafaa. Mchanga unaoshikana ukilowa nao utupe: sungura hutafuna chochote kilichomo kwenye trei, ule udongo unavimba tumboni, na maumbile yake hayamruhusu kutapika. Boksi la kubebea linafaa iwapo wote wawili wanaenea humo pamoja, na heri liwe linafunguka kwa juu, maana kumvuta sungura kwa mlango wa mbele ni vita. Lisugue kwa sabuni na maji ya moto, ulianike siku kadhaa. Harufu ya paka kwao ni harufu ya adui.

Trei ya paka ni ndogo kwa wawili. Nunua boksi la plastiki la kuwekea nguo, la sentimita 60 kwa 40 hivi, ukate upande mmoja uwe na mlango wa chini na ulainishe makali yake. Mwaga punje za karatasi kina cha sentimita 2 au 3, juu yake rundika nyasi kavu. Sungura anakula huku anakunya, kwa hiyo ukiweka nyasi mbali na choo utaokota vinyesi sebule nzima. Siku ya kuwachukua, omba kituo wakupe konzi ya nyasi zilizokojolewa kutoka kwenye trei yao ya sasa, uiweke kwenye trei mpya, wataitambua palepale. Mkojo wao una chokaa nyingi na huacha ukoko mweupe. Mimina siki nyeupe, iache nusu saa, ndipo usugue. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa au mwekundu mara nyingi ni rangi ya majani waliyokula, lakini akijikamua au kukiwa na mabonge ya damu, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Nafasi: Rabbit Welfare Association & Fund, chama cha ustawi wa sungura cha hapa, kinataka wawili wapate angalau mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, na wawe nayo saa zote 24. Kuwatoa jioni kidogo halafu kuwarudisha kwenye tundu hakuhesabiwi. Fleti inatosha. Tumia kona ya chumba, kuta mbili ziwe sehemu ya uzio, na zibaki mita 5 tu za kuziba. Paneli za waya za uzio wa kukunja nyingi zina upana wa sentimita 60, kwa hiyo tisa zinatosha. Chukua zenye kimo cha sentimita 90, kwa kuwa zile fupi wanaruka.

Sakafu ya laminati ni tatizo. Nyayo za sungura hazina nyama laini kama za paka, ni manyoya tu. Akiteleza anaogopa kutembea, na visigino vinachubuka mpaka kuwa vidonda. Tandika zulia la nyuzi fupi. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi nao ni mzuri, ila hesabu kwamba utaliwa. Nyaya za umeme pitisha kwenye bomba gumu la plastiki, na mbao za chini ya ukuta zikinge kwa ubao wa bei rahisi, maana meno hayo yakifika hapo amana yako imekwenda. Ndani ya uzio weka maboksi ya karatasi, kila boksi na milango miwili, ili mmoja asibanwe na mwenzake akakosa pa kutokea.

Watoto waambiwe mapema kwamba hawa si wa kupakata. Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Akinyanyuliwa anaona amekamatwa, na teke moja la nguvu hewani linaweza kumvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Mtoto akae sakafuni na kishada cha kotimiri, asubiri kufuatwa. Na yule anayelazwa chali akatulia tuli, msidhani anasinzia. Amegandishwa na woga.

Kutoka: Luton

Mbona mnakuza mambo? Vibanda vya mbao vinauzwa kila duka la wanyama. Weka roshani, nyasi ndani, usiku watenganishe wasipigane. Kwetu sungura tunafuga hivyohivyo na wanazaa.

Kutoka: Milton Keynes

Wanaofugwa kwa kitoweo hawangojwi wafike miaka kumi, kaka. Hawa wanaweza kufika. Nijibu la chakula, la roshani nawaachia wengine.

Karibu asilimia 85 ya chakula chao iwe nyasi kavu: timothi au nyasi za malisho. Alfalfa ni ya watoto wanaokua. Kwa mkubwa ina chokaa kupita kiasi. Meno ya sungura, ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni ule utafunaji wa nyasi, taya zikienda kushoto na kulia. Akikosa nyasi, magego yanaota ncha, yanachana ulimi na shavu, anaacha kula. Kila mmoja apate kwa siku rundo lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe. Mifuko midogo ya dukani ni ghali, na bei kwa kilo hushuka sana ukinunua robota zima kwa mkulima au duka la vyakula vya farasi. Liweke pakavu penye hewa, siyo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Likinuka ukungu au likitoa vumbi, usiwape.

Chakula cha punje ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hao wako wa kilo mbili wanapata gramu 50 kila mmoja, gawa asubuhi na jioni, upime kwa mizani ya jikoni. Nunua punje za aina moja tu. Ule mchanganyiko wa rangirangi wenye mahindi na mbaazi kavu usinunue, kwa kuwa sungura huchagua tamu na kuacha zenye nyuzinyuzi. Kituo kinawapa punje gani? Endelea na hizohizo, na kama unataka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Majani mabichi, konzi moja kila mmoja: kotimiri, nanaa, majani ya karoti, sukuma wiki kidogo. Mchicha usiwe wa kila siku. Karoti yenyewe ni sukari, kipande cha kidole kinatosha kwa zawadi. Parachichi ni sumu kwao. Kitunguu, kisamvu kibichi, majani ya viazi na ya nyanya, hapana. Ugali, wali, mkate, biskuti, hapana, hata mgeni akisisitiza kwamba kipande kimoja hakidhuru. Maji wape kwenye bakuli zito la udongo, wanakunywa zaidi kuliko kwenye chupa ya kuning'iniza.

Kutoka: Glasgow

Kaka wa Luton, kwa roshani na kwa kuwatenganisha, jibu ni hapana. Sungura hatoki jasho. Joto analitoa zaidi kwa masikio, na roshani ya kusini mwezi wa Julai ni tanuri asiloweza kulikimbia. Usiku nao si wa kuwafungia: alfajiri na magharibi ndizo saa wanazochangamka.

Kuwatenganisha ndiko kunakovunja jozi. Wanatambuana kwa harufu. Mmoja akilala kwingine akarudi na harufu nyingine, mwenzake anaweza kumshambulia kama mgeni, na kuwarudisha pamoja kunaweza kuchukua wiki nyingi. Kuna sababu kituo hakiwatoi mmoja mmoja. Isitoshe, Animal Welfare Act ya 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka mfugaji aangalie hata hitaji la mnyama la kuishi na mwenzake au mbali na wengine.

Kupandana na kukimbizana kidogo siku za mwanzo katika nyumba ngeni ni kawaida. Manyoya yakitapakaa, wakizunguka kama gurudumu wakiumana, watenganishe kwa taulo nene, usiingize mkono mtupu. Waweke pande mbili za waya wakionana, kisha wapigie kituo simu. Ndiyo maana uulize kabla ya kusaini: wameishi pamoja muda gani, nani alihasiwa lini (dume hubaki na uwezo wa kuzalisha hadi wiki sita baada ya kuhasiwa), meno yalikaguliwa lini, na wakishindikana wanarudishwa kwa utaratibu gani.

Mwenye nyumba: omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya kituo, kwa kuwa vituo vingi hutaka kuona ruhusa hiyo. Eleza ni sungura wawili waliohasiwa, wa ndani, na namna utakavyokinga sakafu na nyaya. Kwa England, Renters' Rights Act ya 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba, na mwenye nyumba hatakiwi kukataa bila sababu ya msingi. Huku Scotland sheria ni nyingine, tusome mikataba yetu.

Kutoka: Reading

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mmoja akiugua anakwenda kwa daktari peke yake? Na Desemba tunakwenda Dar wiki nne, tutawaacha wapi?

Kutoka: Bristol

Dada, wanakwenda wote wawili, boksi moja, hata kama mgonjwa ni mmoja. Akilazwa, omba mwenzake alazwe naye. Wasajili kwenye kliniki kabla ya kuwachukua, na uliza wazi: ni daktari yupi kati yenu anayetibu sungura mara kwa mara, na usiku mnatupeleka wapi? Si kila kliniki ya mbwa na paka inawajua. Baadhi ya viuavijasumu vya kawaida, amoksilini ya kunywa kwa mfano, huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura na kumuua yeye mwenyewe. Na mtu akikwambia asile kuanzia usiku kabla ya upasuaji, tafuta daktari mwingine. Sungura hafungishwi.

Kanuni ya dharura: akiwa hali chakula na hakunyi, usingoje kesho. Saa 12 za utumbo kusimama ni nyingi mno. Angalia trei kila asubuhi. Kinyesi kizuri ni kikubwa kama punje ya mbaazi, kikavu, na ukikivunja unaona nyasi. Vikipungua ukubwa, au vikishikana kwa uzi wa manyoya, ongeza nyasi na maji na umwangalie kwa karibu. Akijikunyata pembeni, masikio baridi, akisaga meno kwa sauti, ni maumivu, piga simu sasa hivi. Usimlishe kwa nguvu kwa bomba la sindano kabla daktari hajahakikisha utumbo haujaziba.

Chanjo ni ya kila mwaka, ya magonjwa ya virusi yanayoua sungura: miksomatosi pamoja na RHD ya aina mbili, RHD1 na RHD2. Wa ndani pia huchanjwa, kwani mbu na viroboto hubeba miksomatosi, na RHD huingia na viatu au nyasi. Kinga huchukua wiki tatu kukamilika. Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli kagua matako yao mara mbili kwa siku. Nzi wa kijani hutaga kwenye manyoya yaliyochafuka, na mabuu yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja na kuanza kumla akiwa hai. Mnene asiyejifikia kujisafisha ndiye huanza.

Anayesoma hapa akiwa amepoteza sungura, si paka, hesabu zake ni nyingine. Kama amebaki mmoja nyumbani, usilete jozi. Watatu ni vigumu mno kupatana, omba mmoja aliyehasiwa na kituo kisimamie kuwazoesha. Kama aliyekufa alikufa ghafla bila sababu kujulikana, fikiria RHD2: kirusi chake hudumu kwenye mazingira kwa miezi. Tupa nyasi, mazulia na mbao, muulize daktari dawa ya kusafishia, na wanaokuja wawe wamechanjwa zaidi ya wiki tatu kabla.

Kutoka: Leicester

Kwa wanaoswali: chumba cha kuswalia kifungwe. Kwa Shafi mkojo na kinyesi chao ni najisi, na msala ni kitu wanachopenda sana kutafuna.

Safari ya Dar: tafuta nyumba ya kulelea sungura itakayowaweka wote wawili pamoja na mbali na mbwa, au mtu wa kulala kwako. Jirani wa kupita mara moja kwa siku hatoshi, kwa sababu tumbo likisimama baada ya yeye kuondoka usiku mzima umepotea. Nyumba za kulelea zinazoaminika zitataka kuona kadi ya chanjo, na nafasi za Desemba hujaa mapema, kwa hiyo piga simu Septemba. Ondoka ukiwa umemwachia mlezi nyasi na punje zilezile za kutosha wiki tano, uzito wa kila mmoja kwa gramu, namba ya daktari wa mchana na wa usiku, na barua yenye saini yako inayomruhusu kuwatibisha hadi kiasi fulani cha pauni bila kukupata kwanza kwa simu.