Kichwa kinachokuja kwa saa yake: tupeane uzoefu

Niko Langoni: Kipandauso changu hakija ovyo. Hunikuta alfajiri, naamka upande mmoja ushashikwa, mwangaza wa dirishani siutaki, na harufu ya petroli ya mashua ikipanda kutoka gatini ndiyo hunimaliza. Mchana ni nadra. Wangapi kichwa chao kina saa? Semeni saa, na kilichowafaa.

Nahodha mstaafu: Wewe wataka kiza na utulivu, mimi hata kukaa siwezi. Nikishapitiwa na usingizi tu, jicho la kulia lachomwa kama kwa msumari, machozi yatoka, pua upande huohuo yachuruzika. Nazunguka uani saa nzima mpaka kiniachie. Huja kila usiku kwa wiki kadhaa, kisha chapotea miezi. Nilitibiwa sinasi weee, hola. Daktari wa neva Mombasa ndiye aliyeniuliza *saa ngapi?* Akasema ni kichwa cha klasta: kinahusiana na haipothalamasi, pale ubongoni penye saa ya mwili, na wengi wetu melatonini, homoni ya usiku, huwa chini kipindi hicho. Kinachonifaa ni oksijeni ya barakoa, lita 12 kwa dakika. Robo saa hivi nimepoa. Panadol ikianza kufanya kazi, kichwa kishaenda zake.

Bint Shela: Mimi ni tarehe, si saa. Siku mbili kabla ya hedhi, estrojeni, homoni ya kike, ikiporomoka, basi. Dada zangu, mkiona vimulimuli kabla ya kichwa, mwambieni muuguzi. Mimi niliondolewa vidonge vya mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi kwa sisi wenye kipandauso cha vimulimuli.

Kahawa Chungu: Ramadhani, siku za mwanzo, alasiri. Homoni wapi! Ni kahawa ya barazani. Sasa naipunguza tangu Shaabani.

Muuguzi wa Mokowe: Langoni, kotisoli, nayo ni homoni, hupanda kuelekea asubuhi na kufika kilele kama nusu saa baada ya kuamka, na kipandauso cha wengi huanza saa hizohizo. Lakini usizibebeshe homoni mzigo wote. Alfajiri pia ndipo dawa ya maumivu ya jana imeisha mwilini. Wameza siku ngapi kwa mwezi? Dawa za kawaida siku 15 au zaidi, zilizochanganywa na kafeini siku 10, ukiendelea hivyo zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe yaweza kuleta kichwa. Na kichwa kipya cha asubuhi chenye kutapika, au kinachozidi ukikohoa, hicho si cha kuuliza hapa, nenda hospitali.

Niko Langoni: Zangu zina kafeini. Naanza kuandika saa na kidonge kwenye kalenda ya ukutani. Nahodha, usiku huo oksijeni waipataje?

Nahodha mstaafu: Daktari aliniandikia barua, naiweka pamoja na kitambulisho. Nikifika hospitali naionyesha kwanza, wasije wakaanza kunitoa damu ya malaria.