Kiongozi wa haiki "anasaidia" wadada kupita kiasi, mwenyekiti anasema ni watu wazima. Tufanyeje?

NaxMteremko

Wadau habari zenu. Niko kwa kamati ya grupu moja ya haiki (kutembea na kupanda milima) hapa Nakuru, tulianza tukiwa marafiki tu wa kuzunguka Menengai Jumamosi asubuhi, saa hii tumejaa hadi watu wengine nawajua kwa namba ya simu tu. Tumeenda Longonot, Hell's Gate, na sasa tunapanga Elgon, ya kulala kwa tenti. Sasa kuna kiongozi wetu wa njia, anapendwa, anajua milima kweli, sanduku la huduma ya kwanza ni yeye hubeba. Wadada wawili wamekuja inboksi kila mtu kivyake na story karibu ni ile ile: kwa mteremko anakushika kiuno hata kama hujaomba, ukichoka anaambia wengine watangulie atabaki na wewe, namba anatoa kwa listi ya malipo anaanza text za usiku, na mmoja wao tulipokuwa kambi alikuja kwa tenti yake ati yake imeingia maji, na mvua haikuwa imenyesha.

Hakuna aliyebakwa, na hapo ndipo mwenyekiti ameshikilia, ati ni watu wazima wamalizane wenyewe tusiharibie mtu jina. Lakini naona wadada wanatoka grupu mmoja mmoja bila kusema kitu. Wenye mmeongoza safari, mnaweka sheria gani? Na hii kitu ni ya polisi ama ni ya kamati?

Shinyalu_Njia

Dadangu pole, ila umefanya vizuri kuileta kabla ya Elgon badala ya baadaye. Mimi huongoza watu msitu wa Kakamega, saa kumi za usiku tunapanda Lirhanda kuona jua likitoka, kwa hivyo giza na watu wasiojuana ndiyo kazi yangu.

Kitu ya kwanza, mkia wa laini, yaani ule mwisho wa msafara, haufungwi na mtu mmoja. Wawe wawili, na mmoja awe mwanamke. Mtu akichoka anabaki na hao wawili ama grupu yote inangoja, hakuna cha "nyinyi tangulieni". Nakuambia hii moja peke yake inaondoa karibu nusu ya hizo story, juu mtu wa aina hiyo anatafuta dakika kumi za kuwa peke yake na mtu amechoka, hajui njia na hana netiweki.

Mambo ya tenti yaishe mkiwa Nakuru. Andika nani analala na nani, tuma kwa grupu, kila mtu akubali kabla hajalipa. Ile ya "tutapangana tukifika" ni mbaya sana, mnafika usiku mmeloa, tenti zimepungua, alafu msichana mgeni anaambiwa nafasi imebaki kwa tenti ya kiongozi, atasema nini na gari limesharudi? Kama tenti hazitoshi safari inapunguzwa watu. Listi ya namba akae nayo mweka hazina, kiongozi apewe majina na mtu wa kupigia wakati wa dharura, basi. Pombe sisi tunasema wazi kwamba kiongozi hanywi hadi kila mtu afike kwake. Na hiyo kufika kwake msiisahau, gari likishusha watu stejini saa nne usiku nani anajitolea kumpeleka dada nyumbani? Huyo huyo.

Kamwana_wa_Bahati

Haya sasa. Haiki inakuwa kama mahakama. Kwa mteremko wa Menengai kuna mawe yanateleza, mtu akianguka akivunja mguu mtasema nilikuwa naomba ruhusa kwa maandishi? Wengine wetu tumelelewa kusaidia. Na mjue kuna watu wameharibiwa jina na inboksi tu.

Mkwea_NVS

@Kamwana, kaka, mimi hufunza watu kukwea mwamba kwa kamba, pale Fischer's Tower ndani ya Hell's Gate, na kazi yangu iko karibu na mwili wa mtu kuliko yako ya mteremko. Hanesi, ile mikanda ya usalama, inapita kwa mapaja na kiuno. Unajua vile tunaangalia kama imefungwa? Namwonyesha kwa yangu, anajifunga mwenyewe, anavuta mkanda mwenyewe mimi nikiangalia kwa macho, nikiona kuna shida namwambia "naomba niguse hiyo bakoli ya mkanda" mbele ya watu wote, akisema hapana namwita mwenzangu. Haichukui hata dakika na hakuna mtu ameanguka juu ya kuulizwa. Kwa mteremko peana mkono ama fimbo, ashike yeye. Mtu anateleza kweli mshike popote, hakuna mwenye akili atakulaumu. Lakini kama wanaoteleza ni kumi na anayeshikwa kiuno kila safari ni wasichana wageni, hiyo si mawe.

Na si Kenya tu. 2018 kuna utafiti ulianzia Marekani, wakweaji zaidi ya 5,000 wakaujaza, karibu nusu ya wanawake walisema wamewahi kusumbuliwa ama kushambuliwa kingono kwenye huo mchezo, na wanaume pia, karibu 16 kwa mia. Ulikuwa wa kujaza kwa hiari kwa hivyo sisemi ni picha ya kila mkweaji, lakini wanaume hao msiwapite haraka, kwa kambi zetu pia kijana mdogo anaweza kusumbuliwa na anacheka tu juu anaogopa kuchekwa.

Nyar_Dunga

Naongea kama mtu nimefanya kazi ya kusindikiza waathiriwa hapa Kisumu. @NaxMteremko umeuliza polisi ama kamati, jibu ni kwamba moja haizuii nyingine.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inagusa zaidi ya kubaka. Kifungu cha 11A, mtu akikushika matiti, makalio ama sehemu za siri makusudi bila ridhaa ni kosa, hadi miaka 5 ama faini hadi shilingi 50,000 ama vyote. Kiuno hakiko hapo. Kifungu cha 23 ni cha unyanyasaji wa kingono wa mtu mwenye mamlaka anayeendelea kukusumbua akijua hutaki, si chini ya miaka 3 ama shilingi 100,000, na kama kiongozi wa haiki ni "mwenye mamlaka" hapo mawakili watabishana. Kwa hivyo mengi ya huyo jamaa wenu ni ya kamati kwanza, na mwenyekiti akisema ni ya watu wazima anakimbia kazi yake. Kumtoa kwa uongozi hakuhitaji hukumu ya korti. Uongozi si haki yake ya kuzaliwa.

Ila mjipange pia kwa ile mbaya yenyewe. Ikitokea mlimani, mtu ashuke na mwenzake anayemwamini, mshukiwa asiwe kwa gari hilo. Asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana, na akibadilisha zile za kwanza ziwekwe kwa bahasha ama mfuko wa karatasi, nailoni inaozesha ushahidi. Hospitali kabla ya maswali mengi. PEP ya kuzuia HIV ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora, tembe za dharura za mimba hadi saa 120. Daktari ajaze fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa), polisi wana P3, fomu yao ya kuandika majeraha, na haiuzwi, mkiambiwa mlipe ulizeni mkubwa wa kituo. Kisumu tunapeleka Jaramogi, Nakuru kuna ile ya kaunti tulizoea kuita PGH, mkiwa Elgon teremkeni Kitale. Simu ya bure ya msaada ni 1195, na mtoto ni 116. Na mkichukua vijana wa shule, akiwa chini ya miaka 18 hakuna kukaa kitako mkamaliza na mbuzi.

NaxMteremko

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeandika ya tenti na ya mkia jana usiku, mweka hazina amekubali kukaa na namba. Mwenyekiti bado anazunguka, shida ni kwamba basi tunalotumia ni la binamu wa huyo jamaa na tunapata kwa bei ya chini. Nimemwambia Elgon jamaa akija aje kama memba wa kawaida, haongozi mpaka kamati isikie hao wadada, na kwa kikao tulete mtu wa grupu nyingine asiye rafiki wa yeyote.

kimya_tu

Nimekuwa nasoma tu. Mimi nilitoka grupu ingine, si yenu, kwa sababu hizo hizo. Hakuna aliyeniuliza mbona nimeacha kuja, waliniwekea emoji ya kwaheri. Sikutaka kesi. Nilitaka kujua kama niliyemwambia alimwambia mtu, na sikuwahi kujua hadi leo. Hao wawili wa inboksi warudishie jibu hata kama kamati haijaamua, uwaambie imefika wapi. Na wale waliotoka kimya uwaandikie mmoja mmoja, usiandike kwa grupu.

NaxMteremko

Sawa dada. Naanza na wale wa safari ya Longonot, listi yao ninayo.

Kamwana_wa_Bahati

Hilo la basi mnitafute inboksi, kuna jamaa wa hapa Bahati ana matatu ya watu 33, bei mtaongea.