Watu elfu moja waisemee nchi nzima?

Kijiweni Manzese: Wakuu, jana nusura kahawa imwagike. Jamaa anadai taasisi ikifanya savei ya maoni, ikapigia simu watu elfu moja na ushee, inatosha kujua Watanzania wanataka nini. Sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120. Mimi sijapigiwa hata siku moja. Nyie je?

Mama wa Mbezi: Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo, kile kichuma cha kuchotea punje, anaangalia kiganjani, anajua.

Tandika Sokoni: Dada, muuzaji naye anajua bambo litachomwa wapi. Chenga anaziweka katikati. Inaonekana wewe ni wa kupimiwa kibaba, gunia unaliona kwenye picha.

Mama wa Mbezi: Kibaba kimeingiaje hapa? Nimelea watoto wanne kwa hicho kibaba, wote wamesoma. Jibu hoja.

Kaka Takwimu: Tandika kagusa penyewe bila kujua. Marekani 1936, uchaguzi wa rais, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi milioni mbili na kitu. Likasema Landon anashinda. Roosevelt akambwaga, akamwachia majimbo mawili tu. Mpima maoni Gallup, aliyehoji wachache zaidi, ndiye aliyepatia. Majina ya jarida yalitoka sana kwa wenye simu na magari, na enzi zile hao ni wenye nazo. Wingi si kitu, uliza bambo limechomwa wapi.

Tandika Sokoni: Bila kujua? Asante profesa.

Mzee wa Temeke: Mbona hamsemi ya hapa? 2018 shirika la Twaweza walitoa kura yao ya maoni, kukubalika kwa Rais Magufuli kumeshuka hadi asilimia 55 kutoka 96 ya 2016. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua, kibali kiko wapi. Mimi sikusikia aliyeuliza walihoji vipi.

Dogo wa Gongo la Mboto: Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo kura ya maoni? Mimi najua ile ya CCM ya kupata mgombea.

Mzee wa Temeke: Marahaba. Na ile ya Katiba Pendekezwa ya Aprili 2015, ambayo hadi leo hatujaipiga, nayo kura ya maoni. Neno moja, mabwana watatu.

Kimara Mwisho: Samahani, mnaongelea savei gani? Mimi naijua ya viwanja. Mtaani kwetu tulichanga laki na hamsini kila mmoja, kampuni ikaja na mashine ya miguu mitatu, ikatuwekea bikoni za mipaka, ikapotea. Mwaka wa nne huu, hati hakuna. Bikoni yangu jirani kaifanya figa la jiko, anapikia maandazi. Namba imeungua, inasomeka nusu.

Dogo wa Gongo la Mboto: 😂😂 Maandazi yamepimwa hayo.

Kimara Mwisho: Cheka tu, yako haijaliwa.

Kaka Takwimu: Hiyo ni upimaji ardhi, kaka. Tunaongelea utafiti wa maoni.

Kimara Mwisho: Tofauti ipo wapi? Wote wanakuja na karatasi, wanaandika jina lako na namba ya simu, huwaoni tena.

Mzee wa Temeke: Hapo kanimaliza.

Kijiweni Manzese: Jamani, kuna hata mmoja humu amewahi kupigiwa?

Tandika Sokoni: Kimara, mlipewa risiti? Kama ipo usiitupe, nendeni ofisi ya mtaa kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Mama wa Mbezi: Tandika, bado nakusubiri kwenye kibaba.