Bursa kwa siku moja bila kukimbizana: tuanzie wapi, tumalizie wapi?

MamaKisutu
Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tutalala Bursa usiku mbili mwezi wa kumi tukitokea Istanbul, kwa hiyo tuna siku moja nzima ya kutembea mji. Tunataka kuona Msikiti wa Yeşil, Ulu Cami (msikiti mkuu), soko la hariri na makaburi ya masultani. Hatutaki mbio, na magoti ya mzee hayapatani na vilima. Na je, teleferik, lile gari la nyaya la kupanda mlima Uludağ, linaweza kuingia siku hiyohiyo?

Mpitanjia
Dada, Bursa imekaa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo fuateni mteremko. Wengi huanzia Ulu Cami kwa sababu ipo katikati ya mji, halafu saa saba mchana wanaanza kukipanda kilima cha Yeşil wakiwa wamechoka. Nyinyi geuzeni. Saa 3 asubuhi pandeni teksi au dolmuş hadi Yeşil. Dolmuş za Bursa nyingi ni gari ndogo za kawaida zenye kibao juu ya paa, abiria mnachangia kama mchomoko. Kutoka Yeşil hadi Ulu Cami ni kilomita moja na ushee, na sehemu kubwa ni kushuka au tambarare.

Pale Yeşil utaona uso wa msikiti hauna baraza la mbele. Halikujengwa kamwe, maana Sultani Mehmed Çelebi alifariki 1421 kazi haijakamilika. Mkishaingia, msikimbilie mihrabu. Geukeni mtazame juu ya mlango mliopitia: kile ni chumba cha sultani, kimevikwa vigae kuanzia sakafu hadi dari. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara. Vigae vya nje vya kaburi vingi ni vya baada ya tetemeko la 1855, vya asili viko ndani. Watu hupiga picha ukutani nje wakaondoka, na ndani ndiko kwenye mihrabu yenyewe!

Shukeni Setbaşı, pale kwenye daraja la Irgandı lenye vijiduka juu yake, kisha nyookeni hadi Heykel. Hilo ndilo jina la katikati ya mji, maana yake "sanamu", na asili yake ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa "hekalu". Maneno kama hayo yatawasaidia sana: mkimaliza kula semeni "hesap", mtaletewa hesabu.

Chai mnywe uani mwa Koza Han (1491), ndilo soko la hariri mnalolitaka, chini ya miti, pembeni ya kile kimsikiti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Hapo kaeni saa nzima, ndiyo raha ya Bursa.

Ulu Cami acheni hadi saa 8 mchana. Mwezi wa kumi adhuhuri inaadhiniwa karibu saa 7, na wakati wa swala mgeni wa kutazama anakuwa njiani mwa watu. Msikiti una kuba 20, safu nne za tano tano, na birika la udhu liko ndani kabisa, chini ya kuba yenye paa la kioo. Simulizi ya wenyeji ni kwamba Sultani Bayezid aliweka nadhiri ya kujenga misikiti ishirini, akajenga mmoja wenye kuba ishirini. Mimbari ni ya mbao za mjozi zilizopachikana bila misumari. Sogeeni karibu mtazame maungio ya mapambo yake ya nyota.

Bintiwapwani
Naongezea chakula. İskender ni nyama ya döner (ya kuchomwa kwenye mshikaki mkubwa unaozunguka) juu ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, na siagi ya moto inamiminwa mkiwa mmeshakaa mezani. Kuleni papo hapo, ikipoa siagi inaganda na mkate unakuwa mzito. Kwa watu wawili wasiokula sana agizeni "bir buçuk", yaani sahani moja na nusu, mgawane. Watawapa na şıra, kinywaji cha zabibu ambacho kwa asili huchachushwa kidogo. Msipotaka hicho, agizeni ayran, mtindi uliochanganywa na maji na chumvi.

Dada, beba mtandio na soksi kwenye mkoba, misikiti yote miwili mtavua viatu.

FundiCherehani
Kwenye hariri ndipo watu wanapopigwa. Soma lebo: Waturuki huandika alama ya asilimia mbele, %100 ipek. Ukiona "suni ipek" hiyo ni hariri bandia, na "ipek görünümlü" ni kitambaa kinachofanana na hariri tu. Tazama pindo. Lililokunjwa kwa mkono ni la duara, limejaa kidogo, na mishono yake haifanani sawasawa. La mashine limelala bapa. Mtandio ukiwa wa bei kubwa, omba muuzaji achome uzi mmoja wa ukingoni. Hariri inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Polyester inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Muuzaji mwenye hariri ya kweli hana sababu ya kukataa.

MamaKisutu
Asanteni sana. Siku yetu itaangukia Ijumaa, kuna tatizo? Na Muradiye, kwenye makaburi ya masultani, je?

Mpitanjia
Ijumaa inafaa, ila Ulu Cami hujaa hadi nje. Mzee akitaka kuswali hapo afike mapema, wewe ulizia sehemu ya wanawake. Siku ya kukwepa ni Jumapili, maduka mengi ya Kapalı Çarşı, soko lenye paa, hufungwa.

Muradiye nendeni kwa teksi, maana njia ya mguu ya Hisar, mtaa wa ngome ya zamani, ina mpando. Fikeni kabla ya saa 10, mwezi huo magharibi ni kama saa 12 na nusu. Bustanini mna makaburi 12 yenye kuba. La Murad II halina pambo: mwili umezikwa kwenye udongo wenyewe na kuba imeachwa wazi juu ili mvua imnyeshee. Hatua chache pembeni yupo Şehzade (mwana wa mfalme) Mustafa, aliyeuawa 1553, mtoto wa Sultani Suleiman, amezungukwa na vigae vya mji wa İznik, na mama yake Mahidevran yumo humohumo. Wanaofuatilia tamthilia za Kituruki hukaa sana hapo.

Teleferik msiichanganye na siku hii. Njia yake ni karibu kilomita 9, kituo cha chini kiko Teferrüç, mbali na misikiti, na upepo ukizidi inasimamishwa. Asubuhi ya kuondoka, kama mlima unaonekana wazi na basi lenu ni la jioni, ipandeni mapema mkiwa na makoti. Kituo cha njiani cha Sarıalan tu kipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.